Vitz, Passo, Fit au Demio: gari dogo lipi litakufaa hapa Uganda?

Anayetafuta gari la kwanza Kampala, Jinja au Mbarara huanza na majina mengi, na baada ya wiki chache za kuuliza hubaki na manne: Toyota Vitz, Toyota Passo, Honda Fit na Mazda Demio. Yote ni mafupi, yana mlango mkubwa wa nyuma unaofunguka juu, na karibu yote hutufikia kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Kuanzia hapo kila shemeji, kila fundi na kila dalali wa bondi (yadi ya magari yaliyoagizwa kutoka nje) ana gari lake analoliapia, na mnunuzi anazidi kuchanganyikiwa.

Kuuliza "lipi bora" kunamchelewesha mnunuzi. Ni afadhali ajiulize gari litapita wapi kila siku, na likikorofisha litafunguliwa na nani. Mtu anayepanda kilima cha Buziga kila jioni na mtu anayezunguka vijiji vya Arua kwenye murram, barabara isiyo na lami, hawahitaji gari moja, hata kama wana fedha sawa hadi shilingi ya mwisho. Kwa hiyo nitayapitisha magari yote manne katika mambo yale yale: umri na ushuru, nguvu mlimani, giaboksi, nafasi, mafuta, spea, halafu usalama. Baada ya hapo tutaona nani achukue lipi.

Umri na ushuru

Tangu sheria ya trafiki iliporekebishwa mwaka 2018, gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa haliruhusiwi kuingizwa Uganda. Lenye miaka 9 kwenda juu huingia, lakini hulipiwa ushuru wa mazingira juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Hapa ndipo wengi hukwama. Wanaona kwenye simu gari la bei ya chini sana kule Japani, wanatuma fedha, na likifika mpakani Malaba au Busia hesabu inageuka. Gari la miaka saba lililoonekana ghali linaweza kuishia kukugharimu kiasi kile kile, au hata pungufu ya lile la miaka kumi na mbili. Mamlaka ya Mapato, URA, ina kikokotoo cha magari kwenye tovuti yake. Kipitie kabla hujamlipa mtu yeyote.

Sasa matoleo. Vitz ya 2005 hadi 2010 utaitambua kwa saa ya mwendo iliyokaa katikati ya dashibodi. Ya 2010 hadi 2020 ina wipa moja tu mbele. Passo ina toleo la 2010 hadi 2016 na la 2016 hadi 2023, mwaka ambao Toyota iliacha kuiuza. Fit ni 2007 hadi 2013, kisha 2013 hadi 2020. Demio ni 2007 hadi 2014, kisha 2014 hadi 2019, na tangu hapo hata Japani inaitwa Mazda2. Matoleo ya zamani zaidi bado yako barabarani kwetu kwa wingi, lakini hayo unayanunua kwa mtu aliyekwisha kuyasajili, na unachonunua hapo ni hali ya gari lenyewe na tabia ya aliyekuwa nalo.

Nguvu mlimani

Kampala iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kabale inakaribia 2,000. Injini isiyo na turbo (kifaa kinachoisukumia hewa) hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa inapungua uzito. Namba unayosoma kwenye tangazo ilipimwa chini kule, karibu na bahari. Huku kwetu ipunguze.

Passo ya 1.0 na Vitz ya 1.0, yaani zenye injini ya lita moja, zinatumia injini ile ile, 1KR-FE, ya silinda tatu na nguvu za farasi kama 70. Ni injini ngumu na haina mambo mengi, lakini hutetemeka kidogo ikisimama kwenye taa. Ukiwa peke yako mjini huoni tatizo. Ukiwa na watu wanne, mizigo na AC imewashwa, mlima wa Muyenga utakulazimisha kuzima AC, na kwenye barabara ya Masaka kulipita lori kunahitaji uwazi mrefu sana mbele yako. Hili nalisema kwa uzito: watu wanapoteza maisha kwenye barabara hizo kwa kupita bila nafasi, na gari lisilo na pumzi humshawishi dereva kujaribu kwa sababu amechoka kukaa nyuma ya moshi. Ukinunua ya 1.0, kubali moyoni kwamba safari ndefu utakaa nyuma ya malori.

Vitz ya 1.3 ina farasi kama 95, Fit ya 1.3 inakaribia 100, na Demio ya 1.3 iko kwenye 90 hivi. Tofauti kati ya hizi tatu ni ndogo. Demio ya 2007 hadi 2014 ina uzito wa kama tani moja, na usukani wake unajibu upesi kuliko wa wenzake; anayependa kuendesha ataipenda katika zile kona za kuingia Kabale. Passo nayo ilikuwa na injini ya 1.3 katika toleo la 2010, lakini kuanzia 2016 ilibaki na 1.0 peke yake.

Giaboksi

Ningekuwa na nafasi ya kumwambia mnunuzi jambo moja tu, ningemwambia hili. Injini za magari haya zote nne hudumu zikipata oili kwa wakati. Giaboksi ndiyo inayomfanya mtu auze gari kwa hasara.

Vitz nyingi za 2010 kwenda mbele, Passo za kuanzia 2010, na Fit nyingi za petroli zina CVT. Ndani yake hakuna gia za kuingia na kutoka: kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Inakwenda laini na inaokoa mafuta, ila ina masharti. Inataka oili yake yenyewe. Toyota ina yake, na Honda ina yake, HMMF kwa magari ya zamani na HCF-2 kwa ya karibuni. Fundi akimimina oili ya kawaida ya giaboksi ya otomatiki kwa sababu rangi zinafanana, mkanda unaanza kuteleza, na baada ya muda utasikia mlio wa kulalamika kila ukipanda. Sharti la pili ni joto. Jamu ya Jinja Road saa kumi na mbili jioni, gari likisogea hatua moja na kusimama, ni mateso kwa CVT ambayo haijabadilishwa oili tangu ilipotoka Japani. Ukinunua, badilisha oili hiyo mwanzoni kabisa, na umnunulie fundi oili wewe mwenyewe.

Fit inahitaji maelezo zaidi, maana jina ni moja na giaboksi ni tofauti. Zile za kwanza, 2001 hadi 2007, zina klachi ya kuondokea ambayo ikizeeka gari hutikisika linapoanza kutembea. Toleo la 2007 hadi 2013 lilirekebishwa, na ndilo ninaloliona la kuaminika zaidi kwa mtu wa kawaida. Fit Hybrid (ya petroli na umeme) ya kuanzia 2013 ni habari nyingine kabisa: ina giaboksi ya klachi mbili na gia saba, na Honda yenyewe iliyaita magari hayo yarekebishwe mara kadhaa mwaka 2013 na 2014. Kampala utapata wanaoifahamu. Nje ya Kampala sikushauri.

Demio ya kuanzia 2014 ndiyo pekee kati ya hizi iliyo na otomatiki ya kawaida yenye gia sita, isiyo CVT. Kwa milima na kwa mafundi wetu hiyo ni sifa kubwa ambayo watu wengi hawaizungumzii. Ile iliyotangulia ina otomatiki ya gia nne au CVT kutegemea injini, kwa hiyo uliza. Na kama Demio ni ya dizeli ya 1.5, tahadhari: chujio lake la moshi linataka safari ndefu za mwendo wa kasi ili kujisafisha, na ukiliendesha kati ya Ntinda na mjini tu, litaziba.

Kabla ya kulipa, fika gari likiwa limepoa, liwashe mwenyewe, lisimamishe katikati ya mlima na uondoke taratibu, kisha rudi nyuma ukipanda. Giaboksi mbovu haifichi ugonjwa wake katika mambo hayo mawili.

Nafasi

Hapa Fit imewaacha wote mbali. Honda iliweka tangi la mafuta chini ya viti vya mbele, hivyo sakafu ya nyuma iko chini na bapa. Viti vya nyuma vinalala hadi usawa wa buti, na makalio ya viti hivyo yanaweza kuinuliwa yakasimama, ukaweka kitu kirefu nyuma ya dereva: jokofu dogo, mche wa mwembe, magunia mawili ya unga yaliyosimama. Mwenye duka Nateete anayepitia soko la Owino asubuhi atafanya na Fit kazi ambayo Vitz itamlazimu arudi mara ya pili.

Vitz inatosha familia ya wanne na buti la mizigo ya wiki. Passo ni fupi zaidi, mita 3.6 na kidogo, na buti lake linajaa kwa mikungu miwili ya matoke, lakini paa liko juu na milango ni mipana. Bibi mwenye maumivu ya magoti anaingia na kutoka bila kushikwa mkono. Nimeona familia nyingi zinachagua Passo kwa sababu hiyo tu, na ni sababu nzuri. Baadhi ya Passo zina kiti cha mbele kilichoungana kama benchi, kwa hiyo ukae kwanza ujue kama kinakufaa. Demio nyuma inabana. Watoto watakaa, lakini watu wazima watatu hadi Mbale watashuka wamekufa ganzi.

Kuhusu urefu kutoka ardhini, usidanganywe na muuzaji anayekuambia lake "liko juu". Haya yote yako kwenye sentimita 14 hadi 16 hivi, tofauti isiyookoa kitu kwenye shimo la Uganda. Ukiishi kwenye murram, funga bamba la chuma chini ya injini. Spesa za kuinua gari zinasaidia kwenye matuta lakini zinachosha viungo vya matairi ya mbele, basi zisizidi kiasi.

Mafuta

Wauzaji hupenda kutaja namba za Japani. Demio ya 2011 yenye Skyactiv, injini ya Mazda ya kubana mafuta, ilitangazwa kilomita 30 kwa lita, na Passo ya 2016 kilomita 28. Hizo ni namba za maabara. Kwenye jamu ya Kampala gari lolote kati ya haya linaweza kukupa nusu yake, na hakuna aliyekuibia.

Tupige hesabu ya kawaida. Unaenda kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari linalokupa kilomita 12 kwa lita litakunywa lita 83, na la kilomita 14 lita 71. Tofauti ni lita 12. Lita ikiwa shilingi 5,000, hiyo ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Si haba, lakini giaboksi moja ya CVT iliyokufa inameza akiba hiyo ya miaka mingi. Kwa hiyo mafuta yasiwe ndiyo yanayokuamulia. Passo na Vitz za 1.0 zinatangulia kidogo mjini. Barabara ndefu zikiwa zimebeba watu, injini ndogo inakanyagwa hadi mwisho na faida inapotea.

Spea na fundi

Toyota ndiyo inayoongoza, na sababu si siri. Bushi, breki, plagi na taa za Vitz utazipata Kisekka na Ndeeba, kwenye maduka ya spea ya Kampala, lakini pia Soroti, Lira na Arua, kwenye duka lenye mlango mmoja. Kwa kuwa Passo ya 1.0 inashirikiana injini na Vitz ya 1.0, fundi anayejua moja anajua nyingine. Upande wa pili wa sifa hiyo ni kwamba vioo vya pembeni na taa vinauzika haraka, na wezi wanalijua hilo. Ndiyo maana unaona magari mengi Kampala yamechorwa namba za usajili kwenye vioo. Chora za kwako siku ile ile unayolichukua.

Fit Kampala haina shida, na mafundi wanaoshughulika na Honda peke yake wapo. Ukiwa Moroto au Kisoro, spea itapandishwa basi jioni na utaisubiri stendi asubuhi. Demio iko nyuma kidogo ya hapo: vitu vya kuchakaa vinapatikana, lakini bampa, taa ya nyuma au mlango unaweza kuvitafuta kwa siku kadhaa. Ndiyo maana Demio ya mwaka ule ule na hali ile ile mara nyingi inauzwa kwa bei ya chini kuliko Vitz, na wewe ukija kuiuza utakutana na hali hiyo hiyo. Anayekusudia kukaa na gari miaka mingi anapata nafuu hapo. Anayebadilisha kila baada ya miaka miwili atashikilia Toyota, maana siku ya kuuza hatasubiri.

Usalama

Kuna jambo halizungumzwi vya kutosha katika bondi zetu. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, iliyowekwa katika mamilioni ya magari ya Honda, Toyota, Mazda na wengine katika miaka ya 2000 na baada yake, ina kasoro inayoua. Kemikali inayopuliza mfuko huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, na ajali ikitokea chombo cha chuma kilichomo ndani hupasuka na kumrushia dereva vipande. Joto na unyevu ndiyo hali yetu ya kila siku. Matoleo ya Fit, Vitz na Demio ya miaka hiyo yamo miongoni mwa yaliyoitwa kubadilishiwa. Gari lililotoka Japani kabla ya kurekebishwa liko hapa likiwa na mfuko ule ule.

Chukua namba ya chesisi, iingize kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa Japani wa magari yaliyoitwa kurekebishwa, na simu itakutafsiria majibu. Inachukua dakika chache. Taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi nayo itazame: iwake ukifungua swichi, kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameitoa balbu.

Redio ni jambo dogo, lakini litaje mapema: ya Japani inaanza masafa ya chini kuliko yetu, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa hutazisikia hadi ufunge kigeuza masafa au redio mpya. Ni sawa kwa yote manne.

Nani achukue lipi

Unaishi Kyaliwajjala au Najjera, unafanya kazi mjini, mara nyingi uko peke yako au na mtoto mmoja, na kuegesha ndiyo vita yako: Passo ya 1.0, au Vitz ya 1.0 ukitaka buti la maana. Kama nyumbani kuna mzee anayepelekwa kliniki, Passo.

Una biashara inayobeba mizigo, au familia ya watano na mizigo ya shule mwanzoni mwa muhula, na unaishi karibu na Kampala, Entebbe au Jinja: Fit ya 1.3 ya 2007 hadi 2013 ikiwa unanunua kwa mtu, au ya petroli ya 2013 kwenda mbele ikiwa unaagiza.

Uko mbali na mji mkuu, au kazi yako inakupeleka wilaya hadi wilaya: Vitz ya 1.3, na usiangalie kitu kingine hadi uikose. Likiharibika Pakwach saa tisa mchana, unataka gari ambalo kijana wa gereji ya kwanza ameshalifungua.

Unapenda kuendesha, unasafiri mara kwa mara kwenda Fort Portal au Kabale, viti vya nyuma havina watu wazima, na unakusudia kukaa na gari muda mrefu: Demio ya petroli ya 2014 kwenda mbele, yenye gia sita. Kabla ya kulipa, tafuta fundi wa Mazda na upate namba yake ya simu. Ukimkosa katika mji unaoishi, rudi kwenye Vitz.

Na kama umebaki kati ya mawili, waombe wauzaji wakuruhusu uyapitishe yote kwenye njia yako, siku moja, saa unayotoka kazini, ukiwa na watu utakaokuwa nao na fundi uliyemchagua na kumlipa wewe mwenyewe. Muuzaji anayekubali kuzunguka uwanja wa bondi tu, akikataa mlima, mwache na gari lake.